Kikohozi cha ubeti wa pili

Kwa wiki mbili sasa ninahariri nyimbo sita za kwaya tulizozirekodi kanisani usiku, baada ya magari kupungua barabarani, kwa mashine ya kidijitali ya traki nyingi, yaani njia za sauti zinazorekodiwa kila moja peke yake, inayopokea sauti nane kwa mara moja. Situmii kompyuta, kila kitu nakifanya kwa vitufe na kioo kidogo cha mashine yenyewe, nikiwa nimevaa hedifoni. Leo ninaandika kuhusu kikohozi kimoja kilichonichukulia usiku mzima, kwa kuwa naamini kila anayeanza kazi hii atakutana na cha kwake.

Traki nne za kwanza zilibeba sauti nne za kwaya, ya tano ilikuwa ya mwimbishaji, ya sita na ya saba zilikuwa za kinanda kilichoungwa kwa waya moja kwa moja, na ya nane ilikuwa ya ngoma. Katika wimbo wa tatu mwimbishaji alikohoa kidogo kabla ya kuanza ubeti wa pili. Niliweka alama ya kuanzia kabla ya kikohozi na alama ya kuishia baada yake, nikachagua traki ya tano peke yake, nikaamuru mashine ikate. Kikohozi kikatoweka. Nilipousikiliza wimbo wote, hata hivyo, mwimbishaji aliingia ubeti wa pili akiwa ametangulia kinanda kwa karibu sekunde moja, na akaendelea kutangulia hivyo hadi mwisho.

Mashine haikukosea. Kuna amri mbili ambazo mgeni huzidhani kuwa moja. Ya kwanza hunyamazisha kipande kilicho kati ya alama na kuuacha muda wake palepale. Ya pili hukiondoa kipande pamoja na muda wake, kisha huyavuta mbele yote yanayofuata ili kuziba pengo. Kwa hotuba iliyorekodiwa kwa maikrofoni moja, ya pili ndiyo inayofaa. Kwa kwaya, ambamo traki zote zinatembea kwa saa moja, kuutoa muda katika traki moja ni kuitenga na wenzake.

Nikatengua kazi ile, nikanyamazisha badala ya kukata. Kikohozi bado kilisikika! Kwaya ilisimama kama mita tatu kutoka kwa mwimbishaji, na kwa kuwa sauti husafiri hewani takriban mita 343 kwa sekunde, kikohozi kilifika kwenye maikrofoni zao milisekunde tisa hivi baadaye na kurekodiwa huko pia. Sasa kilikuwa kikohozi hafifu kisicho na mwenyewe, na kilikera kuliko kile cha awali. Nilipozinyamazisha traki zote tano pamoja, ukimya uliopatikana ulikuwa kama wa shimo, kwa sababu hata kanisa tupu lina mvumo wake. Hatimaye nilinakili kipande cha mvumo huo kutoka sekunde chache za kabla ya wimbo kuanza, chenye urefu uleule, nikakiweka katika traki zote tano juu ya kikohozi. Viungo vya kipande hicho na sauti za pembeni vilipotoa mlio mdogo wa kukatika, nilivisogeza hadi mahali ambapo wimbi la sauti linapita kwenye sifuri, nao ukaisha.

Likabaki neno lenyewe. Ubeti unaanza na «Mtakatifu», na mimi nilikuwa nimeweka alama ya kuishia pale wimbi linapopanda kwenye kioo, hivyo nikasikia «takatifu». Ile M ni silabi kamili yenye noti yake, lakini huimbwa midomo ikiwa imefungwa, na wimbi lake ni dogo mno kuonekana. Tangu hapo natafuta mahali pa kukata kwa masikio, na ninapoweza nachagua sehemu iliyo mbele ya P, T au K, kwa kuwa herufi hizo hutanguliwa na ukimya mfupi wa asili.

Kabla ya kila hariri ninanakili wimbo mzima. Kwa sampuli (vipimo vya wimbi la sauti) 44,100 kwa sekunde, kila kimoja cha biti 24, traki moja hula karibu megabaiti 8 kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika tano wenye traki nane ni takriban megabaiti 320, gharama ndogo kwa kadi za siku hizi. Roland VS-880, mashine ya aina hii iliyotoka mwaka 1996, iliweza kutengua hatua hadi 999. Mashine yangu haina kumbukumbu ndefu kiasi hicho.

Wimbo wa nne una kosa lisilotibika kwa kuhariri: sauti ya nne iliingia mapema katika kiitikio, na kosa hilo limo katika maikrofoni zote. Jumamosi kwaya nzima itarudi kusimama palepale, tutaanza mistari miwili nyuma, waimbe wakisikiliza kinanda kilekile kwenye hedifoni, nami nitaiweka mashine irekodi kiitikio hicho peke yake.