Siku moja maishani mwangu: zamu ya mchana katika wodi ya wagonjwa mahututi wa ini

Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Tanga, na ninafanya kazi katika wodi ya wagonjwa mahututi wa ini kwenye hospitali moja kubwa ya Uingereza, nchi ambayo sumu ya parasetamoli ndiyo chanzo kikuu cha ini kushindwa kazi ghafla. Wagonjwa ninaowaeleza hapa nimewabadilisha umri na mambo mengine ili wasitambulike; mwenendo wa ugonjwa wenyewe nimeuacha ulivyo.

Saa 1:30 asubuhi

Tunakabidhiana zamu kando ya kitanda. Kila mgonjwa mahututi huwa na muuguzi wake, na wangu leo ni kijana aliyeletwa usiku kutoka hospitali ndogo. Jino lilimtesa kwa siku kadhaa, akawa anameza parasetamoli, na juu yake dawa ya mafua na vidonge vingine vya maumivu vya dukani, bila kujua kwamba vyote vilikuwa na dawa ile ile ndani. Hakukusudia kujidhuru.

Watu hudhani kisa cha namna hii ni nadra, lakini utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta kwamba kati ya wagonjwa 275 ambao ini lao lilishindwa kwa parasetamoli, 131 walizidisha dawa bila kukusudia na 122 kwa kukusudia. Kuzidisha kidogo kidogo hakumpi mtu nafuu yoyote. Edinburgh walipochunguza wagonjwa 663 walioumia ini kwa dawa hii, waliozidisha kwa vipindi walikufa kwa kiwango cha takriban asilimia 37, na waliomeza kwa mkupuo asilimia 28. Sehemu ya sababu ni kwamba wa kundi la kwanza hufika wamechelewa.

Saa 2:30 asubuhi

Ninapima sukari, maana ini lililoshindwa haliwezi kuitunza, na mgonjwa aliyelazwa usingizi kwa dawa hataonyesha dalili kwamba imeshuka. Ninamulika mboni za macho kuona kama zinasinyaa sawasawa. Kichwa cha kitanda kimeinuliwa nyuzi 30, sodiamu ya damu tunaishikilia kati ya 145 na 150, na mashine ya kusafisha damu inafanya kazi mfululizo, si kwa ajili ya figo peke yake bali pia kupunguza amonia, taka ya damu ambayo ini lililoshindwa haliwezi kuiondoa. Yote haya yanalenga ubongo usivimbe. Takwimu za hospitali ya King's College ya London zinaonyesha kuwa dalili za shinikizo ndani ya fuvu zilipungua kutoka asilimia 76 ya wagonjwa katika miaka ya 1984 hadi 1988, zikafika asilimia 20 katika miaka ya 2004 hadi 2008. Zamani wengi walikufa kwa ubongo kuvimba kabla ini halijapata nafasi ya kuonyesha kama lingepona.

Dripu ya asetilisisteini, dawa ya kuzuia sumu ya parasetamoli, inaendelea. Kwa kawaida ini huigeuza sehemu kubwa ya parasetamoli kuwa kitu kisicho na madhara na kukitoa kwa mkojo, na sehemu ndogo hugeuka sumu inayonaswa na glutathioni, kinga ya asili iliyomo ndani ya ini. Glutathioni ikiisha, sumu hiyo hushambulia seli za ini zenyewe. Asetilisisteini hulipa ini malighafi ya kutengeneza glutathioni nyingine, na ikianzishwa ndani ya saa 8 tangu dawa imezwe kwa mkupuo, ini huokoka karibu kila mara. Hata aliyechelewa hanyimwi: jaribio la London la mwaka 1991, kwa watu ambao ini lao lilikuwa limekwisha kushindwa, liliona 12 kati ya 25 waliopewa dawa hii wakipona, na 5 tu kati ya 25 wasiopewa.

Saa 4:00 asubuhi

Madaktari wanapita. Swali la leo ni moja: tumngojee ini lake lipone lenyewe, au aingizwe kwenye orodha ya dharura ya kupandikizwa jingine? Vigezo vilivyotungwa King's College mwaka 1989 bado ndivyo vinavyotuongoza. Ama asidi ya damu izidi kiasi cha pH kushuka chini ya 7.3 hata baada ya kupewa maji ya kutosha, ama mambo matatu yakutane: kipimo cha kuganda kwa damu, yaani INR, ambacho hupanda damu inapochelewa kuganda, kipite 6.5, kreatinini, yaani kipimo cha kazi ya figo, ipite 300, na fahamu ivurugike kwa daraja la tatu au la nne. Baadaye laktati, asidi inayorundikana kwenye damu ini linaposhindwa kuiondoa, nayo iliongezwa. Kijana wetu ana pH ya 7.34, INR ya 5.8, na laktati iliyoshuka kutoka 4.1 hadi 3.1. Yuko ukingoni kabisa.

Bingwa anaagiza maandalizi yote ya upandikizaji yafanywe, na vipimo virudiwe alasiri kabla ya kuamua. Anakataza asiongezwe plazma, yaani majimaji ya damu yenye vigandishi, maadamu havuji damu, kwa kuwa plazma ingeirekebisha INR ya kwenye karatasi na kutupofusha tusijue ini lenyewe linafanya nini.

Saa 7:00 mchana

Mama yake, mtu wa Unguja, ameingia. Maelezo ya kidaktari hupita kwa mkalimani rasmi, nami hubaki na yale maswali ambayo mtu huyauliza baada ya mkalimani kuondoka.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Nasikia vile vimeng'enya vya ini jana vilikuwa elfu kumi na leo elfu nne. Si amepata nafuu?”

Ninamweleza kwamba namba hiyo, inayowavutia jamaa wote, haitabiri jambo. Hushuka ini linapopona, na hushuka vilevile wakati seli za kufa zimekwisha. Tunatazama INR na laktati.

“Na akijaaliwa kupona, ndiyo ataishi na ini bovu?”

“La, mama. Seli zilizobaki huzaa nyingine, na ini hurudi likawa zima.”

Hili si la kumliwaza. Ini lililoharibiwa kwa namna hii likipona halimwachii mtu ugonjwa sugu wa ini, na figo nazo, ambazo mara nyingi huumia pamoja nalo, kwa kawaida hurudi kazini. Ndiyo maana hatukimbilii kupandikiza: aliyepandikizwa hunywa dawa za kushusha kinga maisha yake yote, na huenda ini lake mwenyewe lingepona. Katika ule utafiti wa Marekani, asilimia 65 walipona bila kupandikizwa, 8 walipandikizwa, na 27 walikufa bila kupandikizwa.

Akauliza na habari za jino. Litang'olewa, nikamwambia, damu ikianza kuganda.

Saa 9:00 alasiri

Ninamshikia mwenzangu kitanda cha jirani aende akale. Aliyelala hapo ni mwanamke aliyemeza dawa kwa kukusudia, akajisikia mzima siku ya kwanza, akanyamaza. Siku hiyo ya kwanza ndiyo inayodanganya, kwani huweza kupita kwa kichefuchefu kidogo au bila dalili yoyote, na macho yanapogeuka manjano saa za thamani zimekwisha kupita. Ukijua kwamba mtu amezidisha, iwe kwa makusudi au kwa bahati mbaya, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo hata kama anatembea na kucheka.

Daktari wa afya ya akili alizungumza naye kabla fahamu haijavurugika, na atarudi. Hapa hakuna anayemhoji kwa ukali. Uingereza iliwekea mipaka ukubwa wa pakiti za parasetamoli mwezi Septemba 1998, na uchunguzi uliotolewa mwaka 2013 ulikadiria kuwa vifo vilipungua kwa asilimia 43 katika miaka kumi na moja iliyofuata. Kwa maoni yangu, sheria ile imeokoa watu wengi kuliko mashine zetu zote.

Saa 11:00 jioni

Majibu ya kijana yamerudi: laktati 2.2, INR 4.9. Fosfeti, chumvi mojawapo ya damu, imeshuka sana, na kwa mgonjwa wa aina hii hiyo huwa dalili njema, kwa sababu ini linaloota upya huila kwa pupa. Ninaanza kumrudishia kwa dripu. Bingwa anawapigia simu wapasuaji kuwaambia kwamba hataingizwa kwenye orodha usiku huu.

Saa 2:00 usiku

Ninamkabidhi kwa mwenzangu wa usiku. Asetilisisteini iendelee mpaka INR ishuke chini ya 2. Sukari ipimwe kila saa, mboni zimulikwe kila saa. Joto likipanda au presha ikishuka daktari aitwe mara moja, kwa kuwa kuanzia sasa maambukizi ndiyo yanayoweza kumnyang'anya nafasi aliyoipata. Vipimo vya damu vitachukuliwa tena saa sita usiku, na laktati ikirudi juu ya 3, simu ya wapasuaji ipigwe bila kungoja asubuhi.