Msumeno hauvuti pumzi

Jumanne nilikuwa Bamburi. Upepo wa kusi ulikuwa umeangusha tawi la mwembe juu ya mabati ya jiko la mama mmoja, na pawasoo yangu, msumeno wa injini, haitaki kuwaka. Nilivuta kamba mpaka bega likafa ganzi. Ikiwaka, inanguruma taratibu kama kawaida, lakini nikipiga resi inakuwa nzito, moshi tele, na mnyororo ukigusa mti tu, inazima.

"Mwanangu, kaa unywe maji kwanza," akaniambia yule mama. Nikakaa, nikafungua plagi. Nyeusi, imelowa. Nikatia mpya, nikakung'uta filta ya hewa, nikabadilisha na ile ya ndani ya tangi. Wapi! Tawi nikalimaliza kwa shoka, na Magharibi imeshaadhiniwa.

Kesho yake fundi akasema ni kabureta. Akabadilisha diaframu, ule utando wa ndani yake, kisha akakaza skrubu ya H, inayopima petroli injini ikienda kasi, ili moshi upungue. Hilo liliniuma kuliko pesa niliyolipa. Injini hii haina oili yake pembeni, oili huja pamoja na petroli. Ukibana petroli umebana na oili, na pistoni itaungua ukiiona hivi hivi. Skrubu nikairudisha mwenyewe.

Usiku, barazani kwangu Kisauni, nikafungua egzosi. Mle ndani mna kichujio cha waya, hakizidi ukucha wa kidole gumba, kazi yake kuzuia cheche. Nilikiinua kwenye taa: hakuna hata tundu moja lililopitisha mwanga. Masizi yameganda kama kitako cha sufuria ya kuni. Basi moshi utokee wapi? Na moshi usipotoka, hewa mpya itaingiaje? Ndiyo maana ilikuwa ngumu kuwaka, ndiyo maana plagi ililowa.

Nilikishika kwa koleo juu ya moto wa gesi mpaka kikawa chekundu, kikapoa, masizi yakadondoka kwa brashi ya waya. Tundu la moshi kwenye silinda nalo lilikuwa limejaa. Hapo nilisogeza kwanza pistoni ikalifunga, uchafu usiingie ndani, nikakwangua kwa kijiti cha mti. Bisibisi ingechuna.

Mvuto wa pili, ikawaka. Sauti ile kali niliyokuwa nimeisahau.

Lakini masizi yale yalitoka wapi? Tulikuwa tukichanganya oili kwa jicho, mimi na mpwa wangu, kila mtu na kipimo chake, na tukiona injini yachoka twaongeza oili tukidhani twaisaidia. Msumeno wangu wataka 50 kwa 1: petroli lita 5, oili mililita 100. Sasa nimenunua sirinji ya mililita 20 duka la dawa. Asubuhi hii mpwa wangu amechuchumaa mbele ya jerikani, anamimina sirinji moja moja na kuhesabu kwa sauti mpaka tano.