Karipio Lililotumwa kwa Wote

"Soma kwanza kabla hujauliza." Ndivyo mwenzangu wa kazini alivyonijibu kwa barua pepe. Hakuna salamu, hakuna jina, na ujumbe umekwenda kwa watu wote wa mradi.

Tangu Jumanne nayarudia maneno hayo. Niliyarudia kwenye kikao cha bajeti, nikayarudia usiku Baba Nuru ameshalala. Nilikuwa nimeuliza tufuate tarehe ipi, kwa sababu kiambatisho kilisema tarehe 14 na barua yenyewe ikasema tarehe 17. Nilikuwa nimesoma! Nisingesoma, ningeijuaje hitilafu hiyo?

Ukali wenyewe naweza kuuvumilia. Bosi wangu wa zamani alikuwa mkali kumpita huyu, lakini alikuwa anakuita pembeni. Kinachonichoma ni kule kubonyeza "jibu wote". Neno kali la mdomoni watu hulisahau, la barua pepe kila mmoja anabaki na nakala yake. Kwangu mimi, jibu ni la wote wanaolisubiri, karipio ni la mhusika peke yake.

Wala adabu hii si ngeni. Oktoba 1995 ulitoka waraka uitwao RFC 1855, wa Sally Hambridge wa kampuni ya Intel, kuhusu adabu za mtandaoni. Humo imo ile ya kutoandika kwa herufi kubwa tupu, maana msomaji huona unamfokea. Imo pia ya kulala kwanza kabla ya kutuma jibu la hasira. Mwenzetu hakungoja hata jioni ifike.

Na baada yake wakaanza: "asante", "nimepata", "naomba mniondoe humu", zote kwa wote. Novemba 2016 kule Uingereza, ujumbe mmoja wa majaribio uliwafikia watumishi wa afya wapatao 840,000, na waliojibu wote kulalamika ndio waliozidi kuuelemea mfumo.

Alhamisi asubuhi Bi Salma, mwenzetu wa mradi, akaniandikia mimi tu. Kichwa cha barua alikuwa amekibadilisha: "Tarehe ya kuwasilisha ni 17." Ule msururu mrefu wa chini ameufuta wote, amebakiza sentensi yangu ya swali, na chini yake ameandika: "Ni 17, mwanangu. Swali lako ni la haki, hata mimi lilinichanganya. Nitawatumia wote kiambatisho kilichorekebishwa, na jina la mtu sitalitaja."

Mchana akakituma kweli, na mistari michache tu juu yake. Hakuna aliyeuliza tena.

Jamani, nilifurahi! Kifua kilifunguka palepale kazini. Yule aliyenikaripia naye aliipata barua ya mchana kama sisi sote, akajua tarehe, na hakuna aliyemwaibisha. Neema anaanza kazi Jumatatu, na nimeshamwomba Bi Salma akae naye siku za mwanzo amwonyeshe namna ya kuandika, kabla hajaiga kwa wengine. Amekubali.

Sasa kilichobaki ni Mama. Goti limevimba tena, na Nuru ananiambia bibi yake anatembea ameshika ukuta. Kupigwa picha ya goti hospitalini hataki kusikia. Kaka ndiye huwa anamsikiliza, na Kaka hapokei simu tangu jana.