Storm Lake: Mji Mdogo Wenye Sauti Kubwa

Kaskazini-magharibi mwa jimbo la Iowa, katikati ya mashamba ya mahindi na soya, upo Storm Lake, mji wa watu wapatao 11,000 ambao naupenda kwa sababu haufanani kabisa na picha tuliyozoea ya Marekani ya vijijini. Kiwanda chake cha nyama ya nguruwe kilifungwa mwaka 1981. Kampuni ya IBP ilipokifungua upya kwa ujira mdogo zaidi, kazi ile ngumu ya kusimama kwenye baridi, kisu mkononi, ilichukuliwa na wakimbizi wa Laos, kisha na wahamiaji wa Mexico na Amerika ya Kati, na baadaye Wasudani.

Fahari yake nyingine ni gazeti la familia ya Cullen. Mwaka 2017 mhariri Art Cullen alitwaa Tuzo ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani, kwa tahariri zilizohoji ni nani hasa aliyekuwa akiwalipa mawakili wa kaunti iliyoshtakiwa katika kesi ya naitreti, kemikali za mbolea, zilizotoka mashambani na kuingia katika mto unaowanywesha wakazi wa Des Moines, mji mkuu wa Iowa. Kuuliza swali hilo mahali ambapo karibu kila msomaji, na kila mfanyabiashara anayeleta tangazo, anaishi kwa kilimo, ni ujasiri ninaouheshimu kwa dhati.