Bakteria wa Bahari ya Sargasso

Jana usiku, baada ya majuma matatu ya kuandaa sampuli, nilimwona Prochlorococcus kwa mara ya kwanza kupitia hadubini: vitone hafifu vyekundu, vilivyofifia karibu mara tu mwanga ulipovigusa. Nilikaa pale muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Bakteria huyu, aliyetambuliwa katika miaka ya 1980 na watafiti ambao miongoni mwao walikuwamo Sallie Chisholm na Robert Olson, ana kipenyo cha takribani mikromita 0.6 tu, na udogo huo wenyewe humsaidia, kwa sababu kadiri seli inavyokuwa ndogo ndivyo eneo lake la kufyonza virutubisho linavyokuwa kubwa likilinganishwa na ujazo wake.

Kilichonigusa zaidi ni namna anavyoishi katika Bahari ya Sargasso, sehemu ya Atlantiki ya Kaskazini ambako fosfeti, kirutubisho chenye fosforasi, ni adimu mno. Tando za seli za viumbe wengi hujengwa kwa lipidi (aina ya mafuta) zenye fosforasi; yeye hutumia kwa wingi lipidi zenye salfa, ambayo imejaa tele katika maji ya bahari. Hata vinasaba, ambavyo navyo huhitaji fosforasi, anavyo vichache: baadhi ya aina zake zina jenomu, yaani jumla ya vinasaba, ya jozi za besi (herufi za DNA) milioni 1.7 hivi. Palipo na uhaba wa chuma, baadhi ya aina zake hutumia flavodoksini, protini isiyohitaji madini hayo, badala ya feredoksini, inayoyahitaji. Kesho ninaanza sampuli za kina cha mita 100.