Afande wa kuku
Nina nyumba ya kupangisha Sakina, hapa Arusha, na wapangaji huja na kuondoka. Tangu bomu lilipolipuka kanisani Olasiti, 5 Mei 2013, kwenye mikutano ya mtaa tunaambiwa: toeni taarifa mkimtilia mtu shaka. Sawa. Lakini nani apeleke jina kituoni asubuhi, halafu jioni mtaa mzima ujue kasema nani? Tena vijana wanaozolewa na defenda, gari la polisi, kwa kukaa kijiweni tu, hao ndio wanaojua nani kaingia usiku na mizigo gani. Ukishawapiga vibao, hawajaona kitu.

Mkaguzi wa polisi wa kata tuliye naye alianza kwingine. Alikaa kwa mama ntilie, akanywa chai, akasikiliza habari za kuku walioibwa (wangu, majogoo kabisa). Baadaye akarudi kutueleza upelelezi umefika wapi. Kuku hawakuonekana, ila alirudi! Juzi bodaboda mmoja, mbishi kuliko wote, akaniambia, “Mama, nipe namba ya yule afande wa kuku.” Nikampa.

Ninachoogopa sasa ni uhamisho. Askari akishazoeleka, wanamhamisha, na mgeni anakuja na defenda.