Waliniambia nilale, mazoezi ndiyo yaliyonifungua kifua

Tangu nibadilishiwe valvu ya moyo, wageni waliokuja kunijulia hali walikuwa na ushauri mmoja: "Lala, usijitingishe, utafumua nyuzi." Nasema wazi, ushauri huo ungenimaliza.

Valvu yangu iliharibiwa na homa ya baridi yabisi tangu utotoni. Upasuaji ulikwenda salama, balaa likaja baadaye. Kifua kilichopasuliwa kinauma kila ukivuta pumzi, kwa hiyo mtu unavuta nusunusu na kukohoa hukohoi. Makohozi yakatuama, pafu la kushoto likasinyaa upande wa chini, pembeni kukajaa maji. Homa juu, oksijeni chini.

Mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi, kijana mpole asiyekubali visingizio, kila asubuhi swali lake la kwanza lilikuwa: "Shikamoo mama, dawa ya maumivu umeshameza?" Hilo lishikeni. Dawa kwanza, ikishakolea ndipo zoezi. Kisha kile kifaa cha plastiki chenye vipira vitatu. Wengi wanakipuliza, kumbe kinavutwa: vuta polepole kipira kinyanyuke, shikilia kidogo, achia. Pumzi kumi kila saa ukiwa macho, ukisikia kizunguzungu pumzika.

Kukohoa ndiko kulikonitoa machozi. Mto wa wodini ulikuwa mwembamba, ukibanwa unateleza. Taulo nalo likalegea. Dada yangu akachukua doti mbili za kanga, akazikunja zikawa kifurushi kigumu, akakifunga kwa mtandio. Nikakikumbatia kifuani kwa mikono yote, nikavuta pumzi, nikaachama na kuisukuma nje kwa nguvu, "haa! haa!", kisha nikakohoa. Likatoka kohozi zito la njano, na usiku ule nililala bila kuhema. Nasema alhamdulillahi mpaka leo, na dada yangu namwombea kila la heri.

Nyumbani kifaa sikuwa nacho, nikaelekezwa chupa: maji kimo cha sentimita 10 hivi, unapuliza kwa bomba la mpira yatoe mapovu mfululizo. Tulianza na mrija wa soda, mapovu mawili nimechoka hoi. Mrija ule ni mwembamba mno. Fundi bomba akatukatia kipande cha mpira mpana kama kidole, tukampa elfu moja au mbili, na mapovu yakachemka kama maji ya ugali. Badilisha maji kila siku, na usiyavute.

Kuamka kitandani, geuka ubavu, shusha miguu, usijisukume kwa mikono. Mfupa wa kidari uliopasuliwa katikati ya kifua unahitaji wiki 6 mpaka 12 kuunga, kwa hiyo ndoo ya maji hata ikiwa nusu mwachie wifi, anung'unike akitaka. Lakini mabega yasigande: mikono yote miwili inyanyue pamoja, mpaka pale maumivu yanapoanzia.

Kutembea nilianza kutoka mlangoni hadi kwa muuza genge, jioni jua likipoa. Kipimo ni maongezi. Ukiweza kumjibu jirani salamu zake zote bila kukata pumzi, mwendo ni sawa.

Picha ya mwisho ya kifua ilionyesha pafu limefunguka hadi chini. Wewe uliyetoka juzi, muulize mtaalamu wako kabla ya kuniiga, na mfupa wa kidari ukilia "ko", kidonda kikitoa majimaji au moyo ukienda mbio ovyo, acha zoezi urudi hospitali siku hiyohiyo.